Jinsi ya kusimamia beji na mageti kwenye tukio kubwa la kimataifa

Kuna watu wanadhani akreditesheni, yaani ile kazi ya kuwapa watu ruhusa rasmi ya kuingia kwenye tukio, ni kuprinti beji, kuzitia kamba za shingoni, halafu mengine walinzi watamalizana nayo getini. Ukianza hivyo umeshafeli wiki mbili kabla ya mgeni wa kwanza hajafika. Beji ni majibu ya maswali manne tu: huyu ni nani, kaja kufanya kazi gani, anaruhusiwa kuingia wapi, na mpaka lini. Kama wewe uliyeiprinti huna hayo majibu, mlinzi aliyesimama juani tangu alfajiri atayatoa wapi?

Ndo maana mi huwa naanza na ramani, majina yanakuja baadaye. Chukua ramani ya ukumbi au uwanja, uugawe zoni: sehemu ya tukio lenyewe, vyumba vya timu au wajumbe, wanahabari, VIP, jiko na stoo, mitambo, chumba cha oparesheni. Halafu chora jedwali, upande huu makundi ya watu upande huu zoni, na kila kiboksi mkibishanie mpaka kieleweke, mpiga picha anahitaji kweli kupita korido ya VIP au anatamani tu? Mhudumu wa chakula anaishia mlango wa jiko au anapeleka mpaka mezani? Hapa utakaa siku nyingi na utachukiwa, ila amini nakwambia, jedwali hilo likikaa vizuri nusu ya ugomvi wa getini inakufa yenyewe. Zoni zisizidi saba au nane kwa ukumbi mmoja, zaidi ya hapo hakuna mlinzi atakayezishika kichwani. Na ile beji ya zoni zote, jamani, kila bosi anaitaka kama vile ni cheo. Ukiigawa kwa heshima badala ya kazi, siku ya tukio chumba cha mitambo kitajaa watu wanaopiga selfi.

Tena msidhani hatari ni mtu asiye na beji peke yake. Ufunguzi wa Olimpiki ya London 2012 kuna mwanamke alitembea mbele kabisa na timu ya India, dunia nzima inaangalia, na wala hakuwa wa timu. Hakuruka ukuta popote, alikuwa mshiriki wa onyesho la ufunguzi, yaani alikuwa ndani kihalali, ila alienda sehemu isiyo yake na hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo kagua pia katikati, kwenye kila mpaka wa zoni. Geti la nje peke yake halitoshi.

Halafu kuna suala la idadi, watu hawapendi kulisikia. Mkutano wa tabianchi wa Copenhagen 2009 ukumbi ulikuwa na nafasi ya watu 15,000, waliojiandikisha walikuwa zaidi ya 40,000, matokeo yake watu walisimama nje kwenye baridi kwa masaa na wengine hawakuingia kabisa, ikabidi mashirika yapewe kadi za ziada za kupokezana. Fanya hesabu hiyo kabla ya kufungua fomu za kujiandikisha. Kila taasisi ipewe kota yake, yaani idadi ya beji isiyozidishwa, na iwe na mtu mmoja tu anayeidhinisha majina, huyo ndo unambana kukitokea majina hewa. Weka deadline na uisimamie, maana watu wa dakika za mwisho hawaishi, ila tenga nafasi kidogo kwa dharura za kweli, mkalimani ataumwa na dereva atabadilishwa, hiyo ni lazima.

Kwenye fomu jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Linaonekana jambo dogo ila ndo linalokula muda kuliko yote, mtu kaandika jina la utani, mwingine kageuza la ukoo likawa la kwanza, na mfumo unaona ni watu wawili. Kwa Olimpiki ni zaidi ya hapo, ile kadi ya akreditesheni ikiambatana na pasipoti ndo inamruhusu mtu kuingia nchi mwenyeji, kwa hiyo kosa la herufi moja linamkwamisha mtu uwanja wa ndege.

Upekuzi usiwaachie polisi peke yao wakaishia kuangalia kama mtu ana kesi. Uliza pia kama kazi anayosema anaijua kweli. Mnakumbuka ibada ya kumbukumbu ya Mandela pale Johannesburg, tarehe 10 Desemba 2013? Mkalimani wa lugha ya alama alisimama hatua moja tu kutoka kwa Obama na marais wengine, akipiga ishara ambazo viziwi walisema hazina maana yoyote. Alipita kwa njia halali kabisa, kwa sababu aliletwa kama mtoa huduma. Wakandarasi wadogo ndo tundu kubwa, kampuni inakodi kampuni nyingine nayo inaokota vijana asubuhi ya siku yenyewe. Kataa hiyo kitu kwenye mkataba kabisa, asiye kwenye orodha iliyopekuliwa haingii hata kama jukwaa halijamalizika.

Tukija kwenye beji yenyewe: picha kubwa, kubwa kweli, mlinzi aione bila kumshika mtu kifuani. Rangi ya kundi, herufi au namba za zoni ziwe nene, tarehe ya mwisho, na QR kodi au chipu ya kuskani. Jina la taasisi linaweza kuwa dogo, halimsaidii mlinzi. Na muundo wa beji usiutoe hadharani kabla ya wakati, pia waambie watu wasiposti beji zao mtandaoni (wataposti tu, ndo maana kodi iwe inasomwa na mfumo na kuonyesha picha kwenye skana, ili kopi ikija sura ikatae).

Ila teknolojia bila jicho ni bure. Sydney 2007, mkutano wa APEC (umoja wa kiuchumi wa nchi za Asia na Pasifiki), wachekeshaji wa televisheni walikodi magari meusi wakaweka bendera za Canada, wakapita vizuizi viwili vya polisi mpaka karibu na hoteli aliyofikia Bush, rais wa Marekani wakati huo, na beji walizovaa zilikuwa zimeandikwa waziwazi kwamba ni utani! Hakuna aliyesoma. Msafara ulionekana wa wakubwa basi watu wakasogea. Kwa hiyo wafundishe walinzi na mavolantia wakiwa na beji mkononi, ya kweli na ya kufoji, mara nyingi, na uwaambie mbele ya mabosi wao kwamba wakimzuia mkubwa asiye na beji hawatafukuzwa kazi. Maana yule wa "unanijua mimi ni nani?" lazima aje. Dawa yake ni mtu mmoja mwenye cheo na redio, anaitwa, anamtoa pembeni kwa adabu, na foleni inaendelea.

Foleni sasa. Piga hesabu hivi: kuskani ni sekunde chache, ila ukiweka na kukagua begi kila mtu anakula kama sekunde 20, njia moja inapitisha watu 180 kwa saa. Una watu 3,600 wanaotakiwa kuingia ndani ya saa moja? Unahitaji njia 20, sio sita na maombi. Dawati la matatizo liwe mbali na geti, kabla mtu hajaingia kwenye foleni, kwa sababu mmoja mwenye beji isiyosoma anaziba mia nyuma yake. Skana ziwe na orodha ndani yake zifanye kazi hata intaneti ikikata, na betri za akiba.

Na usisahau mlango wa watu wenye ulemavu. Glasgow 2021 waziri wa Israel anayetumia kiti cha magurudumu alishindwa kuingia kwenye mkutano wa tabianchi, aibu ya dunia. Lakini mlango huohuo usiulinde kizembe pia, fainali ya mpira ya Euro pale uwanja wa Wembley, London, Julai 2021, watu kama 2,000 bila tiketi waliingia na milango ya walemavu ilikuwa mojawapo ya waliyolenga, wanasubiri ukifunguliwa tu wanasukuma. Weka watu wazoefu hapo, na mlango wa pili nyuma ya ule wa kwanza.

Mafundi wa kujenga wapewe beji yao ya rangi tofauti inayokufa usiku wa ukaguzi wa mwisho, ukumbi unafungwa, unakaguliwa, na kuanzia hapo inaingia beji mpya tu. Iliyopotea futa namba yake kwanza ndo uprinti nyingine, usifanye kinyume.

Taarifa za watu zishikwe na wachache. Baada ya mkutano wa G20 (kundi la mataifa makubwa kiuchumi) wa Brisbane, Australia, 2014 ilikuja kujulikana kwamba taarifa za pasipoti za viongozi 31 zilitumwa kimakosa kwa waandaaji wa mashindano ya mpira, eti kisa imeili ilijijazia anwani yenyewe na mtumaji hakuangalia. Kwa hiyo faili lifungwe kwa nywila, lisitembee kwenye imeili wala kwenye magrupu ya WhatsApp, na tarehe ya kulifuta iandikwe tangu siku ya kwanza. Tukio likiisha zima beji zote usiku huohuo, wabomoaji wabaki na yao mpaka ukumbi ukabidhiwe.