Maji moto yakitoka na kutu: anza na ndoo nyeupe, malizia na anodi

Ukifungua mfereji wa maji moto yakatoka na rangi ya chai kavu, usikimbilie kununua hita mpya. Mara nyingi kilichokwisha ni fimbo moja tu ya madini iliyomo ndani ya hita, na ikiwa tangi lenyewe halijatoboka, fimbo hiyo hubadilishwa kwa kazi ya asubuhi moja. Ila kwanza uwe na hakika kwamba kutu inatoka kwenye hita.

Tafuta ndoo nyeupe. Asubuhi, kabla mtu hajagusa maji, jaza nusu ndoo kwa mfereji wa maji baridi wa bafu hilo hilo, uitazame kwenye mwanga. Mwaga, kisha kinga ya moto. Rangi ikiwamo kwenye yote mawili, hita haina kosa: tafuta kisimani, kwenye tangi la juu ikiwa ni la chuma, au kwenye mabomba ya chuma ya zamani. Ikiwa baridi ni safi na moto yana rangi, yaache ya moto yaende dakika tatu. Yakisafika ndani ya nusu dakika, kutu imo kwenye kipande cha bomba kati ya hita na mfereji. Yakibaki mekundu mpaka yanaanza kupoa, kutu imo ndani ya tangi la hita. Usipime siku ambayo maji ya mtaani yamerudi baada ya kukatika, kwa sababu maji ya mwanzo hukokota kila uchafu uliolala mabombani na utapata jibu la uongo. Na kama unatumia hita ndogo ya kwenye shawa, hiyo haina tangi. Itafute kutu kwenye bomba.

Tangi la hita ya kawaida ya lita 50 au 80 ni chuma kilichopakwa enameli kwa ndani, kama zile sahani za bati za bibi zetu. Sahani hiyo ikianguka, enameli hubanduka na pale palipobanduka hushika kutu. Tangi nalo lina vitundu vidogo ambavyo enameli haikuvifunika. Kazi ya kuvilinda ni ya anodi, fimbo ya magnesiamu inayoning'inia ndani ya maji. Magnesiamu huliwa kabla ya chuma. Maadamu ipo na inagusana na tangi, chuma kinasalimika. Ikiisha, zamu ni ya chuma.

Visiwani kwetu Zanzibar anodi huisha upesi. Maji mengi tunayotumia yanatoka chini ya ardhi, kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo yana chokaa nyingi; na visima vya karibu na pwani, kama pande za Paje na Jambiani, huwa na chumvichumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na hapo fimbo huliwa mbio. Maelekezo ya hita nyingi hutaka ikaguliwe kila mwaka au miaka miwili. Kwa maji ya chumvichumvi, ifungue kila miezi sita mpaka uijue kasi yake nyumbani kwako.

Kazi yenyewe ianze usiku wa kuamkia siku hiyo: zima hita, na asubuhi fungua mfereji wa moto mpaka maji yatoke yamepoa, maana tangi hutunza joto na maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Zima sakiti breka kwenye boksi la umeme, usitegemee swichi ya ukutani peke yake. Ikiwa nyaya zimefungwa kinyume, swichi huzima taa yake huku waya wa moto umebaki hai. Hakikisha kwa tasta, kile kipimio cha umeme. Usipokuwa na uhakika, mwite fundi umeme kwa hatua hii.

Funga valvu ya maji baridi yanayoingia kwenye hita, kisha fungua mfereji wa maji moto uuache wazi. Usipoufungua, hewa haitaingia na maji yatagoma kutoka, kama chupa iliyogeuzwa kichwa chini. Inua kishikio cha valvu ya usalama chini ya hita ili maji yashuke, na uweke mpira wa maji au ndoo. Yakiisha, fungua maji baridi sekunde kumi, funga, acha yatoke. Rudia mpaka yanayotoka yawe meupe.

Sasa vua kifuniko cha chini. Piga picha ya nyaya kabla ya kugusa chochote, uzitoe, halafu legeza boliti za flanji, lile bamba la chuma linalofunga tangi, kwa mpango wa msalaba (boliti moja, kisha ya mkabala wake), huku ndoo ikiwa chini kwa sababu maji machache hubaki. Flanji hutoka pamoja na koili inayopasha maji na anodi. Ndani utakuta tope jekundu lililochanganyika na magamba meupe kama maganda ya yai. Lichote kwa mkono uliovaa glavu au kwa kijiko cha plastiki. Kisu na brashi ya waya visiingie humo, vitakwangua enameli iliyobaki.

Itazame anodi. Mpya ni laini na nene, kama sentimita mbili hivi. Iliyoliwa huwa na mashimomashimo, nyembamba kama penseli, na pengine waya wa katikati umejitokeza. Ikiwa nusu ya unene imekwenda, ibadilishe. Nenda nayo ile ya zamani dukani, Mwanakwerekwe au Chake Chake, ulinganishe urefu na unene wa uzi wa skrubu, kwani hita hazifanani. Usizungushe utepe wa teflon kwenye uzi huo: anodi lazima igusane na chuma kwa chuma, la sivyo inaning'inia bure. Ikiwa maji moto hunuka yai viza, ulizia anodi ya alumini na zinki badala ya magnesiamu.

Koili iliyofunikwa na chokaa iloweke kwenye siki kwa saa kadhaa, uisuuze. Weka gasketi mpya, yaani mpira wa kuziba kati ya flanji na tangi. Ya zamani karibu kila mara itavuja. Kaza boliti kwa msalaba tena, kidogo kidogo. Jaza maji mpaka mfereji wa moto utoe mkondo usio na hewa, kagua flanji kwa tishu kavu, rudisha nyaya na kifuniko, ndipo uwashe umeme. Koili ikiwaka bila maji huungua mara moja.

Valvu ya usalama ikidondosha matone wakati maji yanapashwa, hiyo ndiyo kazi yake: hita ya lita 80 ikipasha maji kutoka baridi husukuma karibu lita moja ya ziada. Watu huiziba kwa kukerwa na matone. Tafadhali usizibe kamwe. Tangi lisilo na pa kupumulia linaweza kupasuka na kuua.

Kuna hali isiyotibika. Maji yakichuruzika kutoka ndani ya ganda la hita ilhali boliti za flanji ni kavu, tangi limetoboka. Hakuna gundi wala kulehemu kutakakolisaidia. Vilevile anodi mpya haifufui enameli. Kutu ikiendelea wiki mbili baada ya kuibadilisha, anza kutenga pesa.

Ikiwa kosa ni la bomba, weka PPR ya PN20 (bomba la plastiki linalostahimili maji moto) upande wa moto, si PVC ya maji baridi, ambayo hulainika. Usiunge shaba na bomba la chuma moja kwa moja, chuma kitaliwa hapo hapo kwenye kiungo. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe, ambako mabomba yamezikwa ndani ya kuta za mawe na chokaa, liache la zamani lilale humo na upitishe jipya juu ya ukuta. Kuchimbua ukuta ule ni hasara kubwa kuliko kutu.

Na kanzu nyeupe iliyokwisha kuingia madoa, usiitie dawa ya klorini: huyakoleza. Kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, ianike juani mpaka doa lififie, uisuuze vizuri kabla ya kuifua kwa sabuni.