Mgeni Kigoma: soma saa upande wa pili

Wewe uliyehamia Kigoma kikazi kutoka Ulaya au Marekani, kabla hujatafuta hata kitanda, zoea saa zetu. Siku inaanza kuhesabiwa alfajiri, si katikati ya usiku. Ukiambiwa mtumbwi unaondoka Kibirizi saa sita mchana, simu yako itaonyesha 12:00. Mwenzangu mmoja wa kigeni alifika saa kumi na mbili asubuhi, begi mgongoni, akakaa kwenye mchanga saa sita nzima akitazama dagaa wakianikwa. (Angalau alirudi na kilo mbili.)

Njia rahisi: chukua saa ya mishale, tazama namba iliyo mkabala na mshale mfupi. Mshale ukiwa kwenye 8, soma mbili. Ukiwa kwenye 7, soma moja. Basi.

Kinachowachanganya zaidi ni tarehe. "Usiku wa kuamkia Jumanne" ni Jumatatu usiku, usije ukachelewa msiba au harusi ya jirani kwa siku nzima. Ukiwa na shaka, uliza tu: "Asubuhi au usiku, kaka?" Hakuna atakayekucheka. Labda kidogo.