Barabara Inapokufuata Kihambani: Namna ya Kulinda Haki Yako ya Fidia

Katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ambako kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo, hubeba nyumba, migomba, kahawa, zizi na makaburi ya wazee, alama ya X iliyopakwa ukutani kwa ajili ya barabara huishtua familia nzima. Wengi huanza kuhangaikia fidia siku wanaposikia kwamba malipo yametoka. Wakati huo huwa wamechelewa, kwa sababu kiasi utakacholipwa huamuliwa siku mthamini anapopita shambani mwako, na kilichoandikwa siku hiyo ni kigumu sana kukirekebisha baadaye.

Jambo la kwanza ni kujua kama wewe uliifuata barabara au barabara ndiyo iliyokufuata. Barabara kuu na za mikoa zinazosimamiwa na TANROADS, wakala wa Serikali wa barabara, zina hifadhi (ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara) ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009, hifadhi hiyo ilikuwa mita 45, yaani mita 22.5 kila upande. Ndiyo maana X nyekundu huwekwa kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye huhesabiwa kuwa mvamizi na hutakiwa kubomoa bila malipo, na X ya kijani huwekwa kwa yule aliyefikiwa na upanuzi, ambaye anastahili fidia. Usikubali rangi bila kipimo. Mwombe mpimaji akuonyeshe mstari wa katikati alioutumia, pima pamoja naye mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, kisha andika tarehe na idadi ya mita. Pale ambapo barabara ni mpya kabisa na inakatiza mashambani, kama ilivyokuwa kwa barabara ya mchepuko ya Arusha yenye kilomita 42.4, hapakuwa na hifadhi ya zamani, na kwa hiyo hoja ya uvamizi haina pa kusimama.

Msingi wa haki hii ni Ibara ya 24 ya Katiba, inayokataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inampa Rais mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, kwa kutoa notisi kwa wenye maslahi na kuitangaza katika Gazeti la Serikali. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, kwa upande wake, zinadai fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Sheria hizo pia zinaitambua haki ya kimila kuwa na hadhi sawa na ya hati. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi wa vihambani hunyamaza wakiamini kwamba asiye na hati hana neno. Ushuhuda wa majirani mnaopakana, mimea ya masale iliyopandwa mpakani na barua ya mtendaji wa kijiji ni ushahidi halali wa umiliki wako.

Kikwazo kikubwa zaidi huku kwetu ni mirathi. Kihamba bado kinatajwa kwa jina la babu aliyefariki miaka 30 iliyopita, ndugu wanne wanakilima, na mthamini anaandika jina la yule aliyemkuta nyumbani. Fungueni shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo mapema, mteue msimamizi, na jina lake ndilo liandikwe pamoja na maelezo kwamba anasimamia kwa niaba ya warithi wote. Mke au mjane anayeishi hapo asiachwe nje ya mazungumzo haya, kwa maana mara nyingi ndiye aliyeyatunza hayo yanayohesabiwa.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Hesabuni pamoja migomba, mibuni, miparachichi, uzio, choo, kisima na mfereji, na upige picha kila kitu. Makaburi yana sheria yake ya uhamishaji, kwa hiyo yatajwe moja moja, hata yale yasiyojengewa. Usisaini fomu yenye nafasi tupu wala iliyoandikwa kwa penseli, na ubaki na nakala au angalau picha yake. Kile utakachopanda au kujenga baada ya siku hiyo hakitalipwa.

Fidia si bei ya ardhi na nyumba peke yake. Kanuni za mwaka 2001 zinaongeza posho ya usumbufu, inayokokotolewa kwa kuzidisha thamani ya ardhi kwa wastani wa riba ambayo benki za biashara hulipa kwa amana za miezi 12, na posho ya usafiri ya kuhamisha mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20. Iko pia posho ya makazi, ambayo ni kodi ya mwezi mara 36: nyumba inayoweza kupangishwa kwa shilingi 150,000 huleta shilingi 5,400,000. Mwenye duka au mgahawa hulipwa faida halisi ya miezi 36, lakini faida hiyo huthibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa pale zinapohitajika, na hapo ndipo wafanyabiashara wadogo wengi hupoteza haki yao. Anza kuweka kumbukumbu leo ikiwa duka lako liko kando ya barabara inayozungumziwa. Ardhi isiyokaliwa na mtu haipati posho za usafiri, makazi wala faida.

Jedwali la fidia, yaani orodha ya wanaostahili kulipwa na kiasi cha kila mmoja, likishaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, malipo yanapaswa kufanyika ndani ya miezi 6. Yakichelewa zaidi, Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inakupa riba, na ikipita miaka 2 uthamini hufa na lazima ufanyike upya. Kwa hiyo ulizia tarehe ya idhini katika ofisi ya ardhi ya halmashauri na uitunze, kwa kuwa madai yako yote ya riba yanategemea tarehe hiyo.

Ukiona kiasi ni kidogo, andika pingamizi kwa mkurugenzi wa halmashauri na nakala kwa Mthamini Mkuu, ukitaja kipengele kilichoachwa au kilichokosewa badala ya kulalamika kwa jumla, na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ikishindikana, njia iliyobaki ni Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Moshi na Arusha. Kuishtaki Serikali kunahitaji notisi ya siku 90, yenye nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, akianzia kwa msajili msaidizi aliyeko halmashauri. Notisi ya siku 90 ipelekwe mapema, wakati nyumba bado imesimama na masale ya mpakani bado yanaonekana.