Somo: Kubuni kifuniko cha bawaba kisichovuja

Wiki moja kabla ya Ramadhani nilituma Malindi katoni mbili za mafuta ya nazi ninayokamua hapa Langoni, Lamu. Mkokoteni hadi gatini, boti hadi Mokowe, halafu basi. Jioni mteja akanipigia simu: katoni imelowa, na mafuta yamefika kwenye mfuko wa abiria aliyebeba leso za harusi. Leso nilizilipa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna hata kifuniko kimoja kilichofunguka njiani. Vyote vilikuwa vimekazwa, vimelia "tak", na zaidi ya nusu ya chupa zimevuja.

Tangu hapo nimekaa na kalipa (kifaa cha kupimia unene na kipenyo), chupa na karatasi za khaki, na fundi wa kalibu, lile umbo la chuma la kutengenezea vifuniko vya plastiki, aliye Mombasa amenielekeza pale nilipokwama. Nawaandikia wanachama wenzangu mnaouza mafuta, sabuni ya maji, marashi au asali, ili msilipe leso za watu.

Shikeni jambo moja kwanza. Tazameni mlango wa Lamu. Kinachofunga ni komeo; kinachoziba ufa kati ya vipande viwili vya mlango ni mfaa, ule mti wa katikati uliochongwa maua. Hata komeo likiwa la chuma, pasipo mfaa jicho la mpita njia litaingia ndani. Kifuniko ni vivyo hivyo: sehemu inayofunga ni moja, inayoziba ni nyingine, na mara nyingi tunaikaza ya kwanza wakati ya pili haijagusa kitu.

Hatua ya 1: Fuata ndia ya mafuta

(Ndia ni njia, kwa wasiotoka Amu.) Kabla ya kuchora chochote, jua kinapovujia. Ndia ni tatu: kati ya kifuniko na mdomo wa chupa, yakatokea chini ya pindo (ukuta wa kando wa kifuniko unaoshuka shingoni); kati ya tundu la kumiminia na kijiti kinachoingia humo, kilicho kwenye kikope (kipande cha juu kinachofunguka kwa bawaba); au kwenye ufa wa plastiki yenyewe.

Jaza chupa, ifute iwe kavu kabisa, ipake kifuniko chote poda nyeupe ya mtoto, ilaze juu ya khaki uende zako. Ukirudi baada ya saa mbili tatu, poda imegeuka kijivu pale mafuta yalipotoka. Zangu karibu zote ziligeuka chini ya pindo, na mimi nilikuwa nimelaumu tundu wiki nzima.

Hatua ya 2: Jua unachomimina

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, kwa hiyo kwetu ni majimaji karibu mwaka mzima. Hutambaa. Sabuni ya maji hutambaa vilevile, maana kazi ya sabuni ni kuyafanya maji yaenee, na upenyo unaoweza kuzuia maji matupu hauizuii sabuni. Asali ni mvivu kutoka, lakini huacha mkia. Usijaribu kifuniko cha sabuni kwa maji ya bomba ukaridhika.

Hatua ya 3: Pima shingo ya chupa

Utaona namba kama 24/410. Hiyo 24 ni kipenyo cha nje cha hesi (mistari ya kuzungushia kifuniko) kwa milimita, kwa makadirio. Namba ya pili ni mtindo wa hesi: 400 huzunguka mara moja, 410 mara moja na nusu, 415 mara mbili na shingo yake ni ndefu zaidi.

Hapo ndipo palipokuwa na msiba wangu. Chupa zilikuwa 24/410, na muuzaji wa jumla akanipa vifuniko vya 24/415. Vinaingia, vinazunguka, vinakaza. Lakini pindo lake ni refu, linagota bega la chupa kabla muhuri wa ndani, yaani sehemu inayoziba, haujafika mdomoni. Mkono unasema imekaza. Ndani kuna upenyo mzima. Ukitaka kuhakikisha, paka rangi ya mdomo juu ya mdomo wa chupa, kaza, fungua, tazama ndani ya kifuniko. Lazima uone duara kamili. Duara lililokatika ni uvujaji, na pasipo duara kabisa huna kifuniko.

Hatua ya 4: Muhuri wa chini

Hesi haizibi kitu, huvuta tu. Kuziba kunafanywa na kisahani laini cha povu kilicholala ndani ya kifuniko, au na pete nyembamba ya plastiki inayoingia ndani ya mdomo wa chupa na kuusukuma kwa upole.

Kipi uchague? Tazama chupa. Shingo ya chupa ya PET, ile angavu kama ya maji ya kunywa, hutengenezwa ndani ya kalibu kwa vipimo vya hakika, na pete huikubali vizuri. Chupa nyeupe laini ya polithilini hupulizwa, na upana wa ndani wa mdomo wake hubadilika kutoka chupa moja hadi nyingine. Pitisha ukucha juu ya mdomo: ukikwaruza mshono, pete pekee haitatosha, weka kisahani cha povu. Kwa bidhaa ndogo kama zetu, mimi nachagua povu bila kusita.

Hatua ya 5: Kijiti na tundu

Hapa ndipo ubuni wenyewe ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kijiti lazima kiwe kinene kuliko tundu kwa kiasi kidogo sana, sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Kikizidi, kikope hakifungiki bila kubanwa kwa meno; kikipungua, mafuta yanapita. Kwa mafuta tundu la milimita 2 au 3 linatosha. Sabuni nzito inataka 4 au 5. Ncha ya kijiti iwe na mviringo ili ijiongoze yenyewe.

Sasa fikiria kikope kikifunga. Hakishuki wima, kinazunguka kwenye bawaba, na kijiti kinaingia kikifuata upinde. Chukua kijiti kilicho milimita 12 kutoka kwenye bawaba, kinachozama milimita 3 tunduni. Hata bawaba ikiwa usawa mmoja na mdomo wa tundu, ncha inapofika pale inakuwa imepita mahali pake kwa milimita 0.37 hivi. Hiyo ni zaidi ya ule unene wa ziada unaoziba! Kila ukifunga, kijiti kinakwaruza upande mmoja wa tundu, na baada ya mwezi upande huo umelika. Punguza kuzama kuwe milimita 1.5, na kosa linashuka hadi 0.09 tu. Ukipunguza urefu kwa nusu, kosa hupungua kama mara nne. Ndiyo maana kijiti kifupi huziba kuliko kirefu, ingawa macho hutwambia kinyume chake.

Basi mambo mawili: kijiti kiwe kifupi, na mstari wa bawaba uwe usawa mmoja na mahali panapozibwa, si juu yake wala chini. Ukiona kifuniko chenye mkwaruzo upande wa mbali na bawaba, ujue mbunifu hakulitazama hili.

Kando ya tundu iwe kali kidogo, ili tone likatike na lisirudi kuchuruzika kwenye kifuniko.

Hatua ya 6: Bawaba

Milango yetu ya kale haina bawaba, huzunguka juu ya ncha zake za juu na chini. Kifuniko nacho hakina pini: bawaba yake ni plastiki ileile iliyofanywa nyembamba, milimita 0.3 hivi. Plastiki yake ni polipropileni, ile yenye namba 5 ndani ya pembetatu, kwa sababu hujikunja mara maelfu kwa maelfu bila kukatika. Plastiki iliyoyeyuka lazima ipite kukatiza bawaba ikiingia kwenye kalibu. Mikondo miwili ikikutana hapo, bawaba itapasuka mapema. Na kifuniko kikitoka kikiwa bado na joto, kikunjwe mara moja, maana mkunjo wa kwanza huzinyoosha nyuzi za plastiki na kuipa nguvu.

Hatua ya 7: Acha hewa

Mafuta yakipata joto huongezeka, takriban asilimia 0.7 kwa kila nyuzi 10. Chupa ya mililita 250 ikitoka kivulini kwenye nyuzi 25 na kufika 45 juani ndani ya boti, mafuta yanaongezeka mililita 3.5. Ukiwa umeacha mililita 10 za hewa, hewa hiyo sasa inabanwa kwenye 6.5, nayo yenyewe imepata joto. Chupa laini itafura kidogo na kusaidia, lakini shinikizo litatafuta kijiti. Mimi sasa naacha 20 hadi 25.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kusafirisha

Chukua chupa kumi. Zipime kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, zipindue juu ya khaki usiku kucha, ziweke juani mchana, kisha zipime tena. Mafuta kwenye khaki hayafichiki, hata tone dogo huacha doa linalopitisha mwanga. Halafu fungua na funga mara mia tano (wape watoto kazi hiyo, wataifurahia) na urudie kupindua. Mwisho, angusha chupa iliyojaa kutoka usawa wa kiuno, kichwa chini.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Shela: Salaam aleikum dada. Mimi ni wa sabuni ya maji. Vifuniko vyangu havivuji siku ya kwanza, lakini baada ya wiki kadhaa vinapata nyufa ndogo pembeni. Nimekaza mno?

Waaleikum salaam. Kukaza kumechangia, lakini kagua namba ya plastiki. Sabuni huipasua polithilini iliyo kwenye mkazo, hata kama haiiyeyushi. Tafuta vifuniko vya namba 5, na ukaze kwa kiasi. Kwa shingo ya milimita 24, nguvu ya vidole vitatu na kiganja kikiwa kimelegea yatosha.

Mwanachama wa Malindi: Nauza asali na sharubati nzito ya ukwaju. Mkia ndio adui yangu, kifuniko chote kinanata na siafu wanakuja. Kijiti kifupi kitanisaidia?

Kitaziba, lakini mkia hautaondoka. Kwako nashauri kifuniko chenye vali ya silikoni, kile kisahani laini chenye mkato wa msalaba unachokiona kwenye chupa za tomato za kusimama kichwa chini. Ukibana hufunguka, ukiachia hujifunga na kurudisha mkia ndani. Ni ghali zaidi, na silikoni ikichanganyika na plastiki inasumbua wanaorejeleza. Vali peke yake haitoshi safarini, weka na karatasi ya kuziba mdomo mpaka mteja aibandue.

Mwanafunzi wa ufundi, Lamu: Chuoni tuna printa ya pande tatu. Naweza kuchapa kifuniko nikauza nacho?

Kuuza, hapana, mdogo wangu. Uchapaji wa matabaka huacha vijia kati ya tabaka na tabaka, na mafuta yatavipata. Plastiki ya kawaida ya printa nayo ni kavu, bawaba itakatika baada ya kukunjwa mara chache. Lakini kwa kupima, ni hazina: chapa kijiti cha urefu wa aina tatu ujaribu kwenye tundu moja, utajua umbo kabla hujalipia kalibu ya chuma. Na kwa kweli wengi wetu hatutafika kwenye kalibu. Elimu hii ni ya kukusaidia kuchagua dukani ukiwa na kalipa mfukoni.

Mama wa Matondoni: Mwanangu, mimi vidole vina baridi yabisi. Vifuniko vyako vipya haviniachi kufungua. Nafungua kwa kisu.

Shikamoo mama, na nisamehe. Kosa ni langu, kikamatio (kile kijino kinachokishika kikope kikifungwa) kimeng'ang'ania mno. Kama nilivyosema juu, kinachofunga sicho kinachoziba; kikamatio hakizibi, kwa hiyo kinaweza kulegezwa bila mafuta kutoka. Nimemwomba fundi apunguze jino lake na achimbe nafasi ya dole gumba iliyo pana, yenye mistari, maana mkono wa kupaka mafuta una mafuta. Nitakuletea chache uzijaribu, na neno lako ndilo nitakalolifuata. Kisu tafadhali kiweke mbali.

Mwanachama wa Mokowe: Wateja wananirudishia chupa. Naweza kutumia vifuniko tena? Naona vifuniko vingi pwani vimetupwa, roho inaniuma.

Hata mimi. Jahazi la Flipflopi lilijengwa hapa Lamu kwa takataka za plastiki likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, na bado kila maji yakitoka tunaokota. Hilo ni jambo jingine la kupendea bawaba: kikope hakiachani na chupa. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, unataka vifuniko vya chupa za plastiki za vinywaji hadi lita tatu vibaki vimeshikamana na chupa.

Kuhusu kutumia tena: kisahani cha povu ukibadilishe, kwa sababu kimeshabonyea na kimenywa harufu. Kifuniko chenyewe kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kikauke, kisha kipitie khaki usiku mmoja kama kipya. Kikiacha doa, kipeleke kwa wanaokusanya plastiki. Na marashi usiyatie kwenye kifuniko kilichokaa na mafuta ya samaki, hata ukikiosha mara kumi.