AC ya inveta Dodoma: namna ya kupoza nyumba bila kumaliza uniti za Luku

Kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tisa mpaka mvua zianze Desemba joto la Dodoma linachosha kweli, na kila mwaka ikifika kipindi hicho watu wanakimbilia dukani wanachukua AC yoyote iliyopo, fundi anaifunga fasta anaondoka, baada ya muda mtu anaanza kulalamika uniti zinakata haraka au chumba hakipoi. Sasa ukijua hii mashine inafanyaje kazi na hali ya hewa yetu ikoje utatumia hela kidogo na utapata baridi zaidi, maana maelekezo mengi mtaani ni ya Dar, kule joto lina unyevu na usiku hakupoi, huku kwetu ni kitu kingine kabisa.

Cha kwanza kukielewa, AC haitengenezi baridi. Hiyo ni pampu ya joto, inalichukua joto lililomo chumbani inaenda kulimwaga nje. Ndani ya zile bomba za kopa kuna gesi inazunguka, ikifika mashine ya ndani inatoka kwenye hali ya kimiminika inakuwa mvuke, na inavyogeuka hivyo inanyonya joto la chumba, halafu kompresa iliyoko nje inaubana ule mvuke mpaka unakuwa wa moto kuliko hewa ya nje, joto linatokea kwenye koili, mvuke unarudi kuwa kimiminika, safari inaanza upya. Friji nayo ni hivyo hivyo, gusa ubavuni au nyuma yake utaona ilivyo ya moto, lile ni joto lililotolewa kwenye vyakula vyako. Na kwa vile inahamisha tu joto, uniti moja ya umeme inaweza kuhamisha joto la kama uniti 3, ndiyo maana kifaa kizuri hakili umeme kama watu wanavyoogopa.

Ila ukishaelewa hivyo utaona na upande wa pili, kwamba kila joto unaloliacha liingie ndani utalilipia Luku kulitoa. Kwa hiyo kazi ya kupoza nyumba Dodoma inaanzia kwenye bati, siyo kwenye AC.

Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mwezi wa kumi mwanzoni jua la saa sita linakuwa utosini kabisa, na mwezi huo mawingu ni machache, yaani bati linapigwa moja kwa moja siku nzima wakati ukuta unapata jua la ubavu tu. Nyumba ya bati la msauzi mweusi au wa rangi ya damu ya mzee yenye siling bodi nyembamba bila kitu chochote juu yake, ukiweka AC pale unapoza chumba huku dari linakurudishia joto kwa juu, mashine haipumziki. Kama bado unajenga huko Iyumbu au Nala au Ihumwa nakuomba sana chagua bati la rangi ya mwanga, na waambie mafundi watandike ile foili ya kung'aa chini ya bati kabla hawajapiga misumari, na waache matundu ya hewa kwenye fasia ili joto la darini lipate pa kutokea. Kama nyumba imeshaisha bado unaweza kupaka bati rangi nyeupe ya nje na kutandika kitu cha kuzuia joto juu ya jipsam, na ni kazi ya mara moja tu. Wazee wa Kigogo walipoezeka tembe kwa udongo mzito juu walikuwa wanajua wanachofanya, mchana kule ndani palikuwa panakaliwa vizuri bila feni wala nini.

Upande wa magharibi ndio unaopigwa na jua la jioni, sasa kama dirisha la chumba cha kulala liko huko panda mwarobaini, unakubali sana ardhi yetu na hauhitaji maji mengi ukishashika, au weka kibaraza chenye kivuli. Pazia zito linasaidia lakini likiwa ndani joto limeshapita kwenye kioo, kivuli cha nje ni bora mara nyingi zaidi.

Jambo la pili ambalo Dar hawana, usiku wetu unapoa. Dodoma iko kama mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari na hewa ni kavu, mchana wa Novemba unafika nyuzi 31 au 32 halafu usiku wa manane unashuka mpaka 19 hivi. Hiyo ni baridi ya bure! Usiku nje kukishapoa fungua madirisha yote yenye nyavu, washa feni isukume hewa ya moto itoke, acha kuta zipoe usiku kucha kama usalama wa mtaa unaruhusu, halafu asubuhi saa mbili au saa tatu funga madirisha na mapazia yote kabla nje hakujawaka. Watu wengi wanafanya kinyume, mchana madirisha wazi eti hewa iingie, inayoingia ni hewa ya nyuzi 31 na vumbi. Ukifanya hivi AC utaihitaji kuanzia kama saa nane mchana mpaka saa nne usiku, usiku uliobaki unaizima unafungua dirisha.

Kuna wanaouliza feni ya maji. Kwa hewa kavu ya mwezi wa kumi inafanya kazi vizuri na inakula umeme kidogo sana, ila inataka dirisha liwe wazi kidogo ili unyevu utoke, na maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, zile pedi zinajaa magadi zinaziba, halafu mvua zikianza inakuwa haina maana tena kwa sababu hewa imeshakuwa na unyevu. Ni chaguo zuri kwa mtu mwenye bajeti ndogo. Ila usiiwashe chumba kimoja na AC, ile inaongeza unyevu na hii inakula umeme kuutoa, zinapigana.

Tukija kwenye kununua. Dukani watakuambia HP, ila uwezo wa kupoza unapimwa kwa BTU, chukulia hivi, HP 1 ni BTU 9,000, HP 1.5 ni 12,000, HP 2 ni 18,000, HP 2.5 ni 24,000. Hesabu ya haraka ni BTU 600 kwa kila mita ya mraba, chumba cha mita 4 kwa 4 ni mita 16, kinataka 9,600, hapo 9,000 inatosha kama dari umelishughulikia na kama hujalishughulikia chukua 12,000. Sebule ya 5 kwa 6 inaenda 18,000. Usinunue kubwa kwa kudhani itaokoa umeme, na ndogo sana nayo itakesha inahangaika.

Chukua inveta. AC ya kawaida kompresa yake inawaka kwa nguvu zote au inazima, basi, kila ikiwaka inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na taa zinafifia. Inveta inapunguza mwendo, chumba kikishapoa inatembea taratibu tu. Bei iko juu kidogo ila kwa mtu anayewasha kila siku inarudi. Halafu hakikisha ni ya joto na baridi, angalia kwenye rimoti kama kuna alama ya jua pamoja na ile ya theluji, ukikuta ya theluji tu hiyo inapoza peke yake. Nitaeleza chini kwa nini nasisitiza hili.

Gesi nayo iangalie, imeandikwa kwenye kibati ubavuni mwa mashine ya nje. Zinazouzwa sasa nyingi ni R32 au R410A. Ukiona mtu anakuuzia mtumba wa bei chee umeandikwa R22 achana nao, hiyo inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, kuipata itazidi kuwa tabu.

Kufunga ndiko kunakoharibu AC nyingi nzuri. Fundi lazima awe na pampu ya vakyumu, avute hewa na unyevu wote kutoka kwenye bomba kabla hajafungulia gesi, na hiyo kazi si ya dakika mbili, akae hapo nusu saa aangalie na geji kama mshale haurudi. Kuna mafundi wanafungua gesi kidogo wanapuliza hewa itoke wanasema tayari, usikubali, unyevu ukibaki ndani unakula kompresa polepole na wewe utajua mwakani. Muulize kabla hamjaelewana bei, una vakyumu? Kama hana tafuta mwingine. Na R32 inaweza kushika moto ikivuja, kwa hiyo asivute sigara wala asichomelee bomba lenye gesi ndani.

Mashine ya nje iweke kwenye kivuli, upande wa mashariki wa nyumba jua la jioni halifiki, lakini upepo wetu mkuu unatoka mashariki na kusini mashariki na miezi ya saba mpaka ya kumi unakuja na vumbi, kwa hiyo kama upande huo ni kiwanja kitupu cha udongo mwekundu pandisha mashine juu ukutani au panda uzio wa michongoma mbele yake kwa umbali wa mita moja na nusu. Nyuma acha nafasi ya sentimita 15 hivi, mbele kuwe wazi. Usiifungie kwenye kibaraza chenye kuta pande tatu wala kwenye kizimba cha chuma kilichozibwa na bati kwa kuogopa wezi, itakuwa inavuta hewa ile ile ya moto iliyoitema yenyewe. Nondo zilizoachana zinatosha kwa ulinzi.

Umeme wake uwe wa peke yake toka kwenye mein switchi, breka yake, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa AC ya 12,000 na wa 4 kwa zile kubwa, usichomeke kwenye ekstensheni hata kama ni kwa muda. Erthi ipimwe, na ipimwe kiangazi maana udongo wetu ukikauka ile nondo ya erthi inakuwa haishiki vizuri. Umeme ukikatika na kurudi ghafla ndio unaua vifaa, weka kile kifaa cha kulinda kinachochelewesha dakika 3 mpaka 5 kabla ya kuruhusu umeme, na mvua za radi zikianza zima breka kabisa.

Matumizi sasa. Weka 26, washa na feni ya juu au ya kusimama kwa mwendo mdogo, utasikia kama 23. Ukiweka 16 chumba hakipoi haraka zaidi, inachofanya ni kukataa kupumzika. Ile alama ya tone la maji kwenye rimoti ni ya kukausha hewa, mwezi wa kumi huku hewa imeshakauka tayari hadi midomo inapasuka, iache mpaka masika. Na usishtuke ukiona bomba la maji nje halidondoshi kitu kiangazi, si ubovu, ni hewa haina maji ya kutoa.

Gharama ikoje? AC ya 12,000 ikienda kwa nguvu zote inakula kama kilowati 1.1, masaa 6 ni uniti 6.6. Inveta kwenye chumba kilichozibwa vizuri inaweza kutulia kwenye wastani wa kilowati 0.6, hapo ni uniti 3.6 tu. Kwa bei ya T1, ile ya wateja wa kawaida, ya shilingi 292, ukijumlisha VAT 18%, tozo ya umeme vijijini (REA) 3% na ya mdhibiti EWURA 1% uniti inakuja kama shilingi 356, kwa hiyo ni tofauti ya shilingi 2,350 na 1,280 kwa siku, kwa miezi mitatu ni hela ya maana. Tahadhari kwa walioko D1, ile ya uniti 75 kwa mwezi za bei nafuu: AC itakuvusha huko mapema, ukipiga hesabu tumia bei ya T1.

Vumbi ndilo adui mkubwa wa AC kwa mji huu. Filta ya ndani itoe kila wiki miezi ya upepo, ioshe kwa maji na sabuni kidogo, ianike kivulini, ni kazi ya dakika kumi na haitaki fundi. Koili ya nje zima breka kwanza halafu imwagilie kwa mpira wa maji ya kawaida, siyo ile pampu ya kuoshea magari, inalaza zile bati nyembamba na hewa haipiti tena. Na fundi akikuambia kila mwaka uongeze gesi, mkatalie. Gesi ya AC haitumiki ikaisha, ikipungua kuna sehemu inavuja, apake povu la sabuni kwenye viungo aitafute azibe, ndipo avakyumu na kujaza.

Sasa ile alama ya jua. Mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka mpaka 13 na upepo juu, wenye watoto wachanga na wazee mnajua hali inavyokuwa, watu wanaingiza jiko la mkaa ndani wanafunga milango. Tafadhali msifanye hivyo, ule moshi usioonekana unaua watu wamelala. Pampu ya joto ina vali inayogeuza mzunguko, inachukua joto la nje, na hata hewa ya nyuzi 13 ina joto la kutosha kuchukuliwa, inalileta ndani. Hita ya koili inakupa joto la uniti moja kwa uniti moja ya umeme, hii inakupa kama tatu. Weka 20 au 21, elekeza mabawa chini kwa sababu hewa ya moto inapanda, acha ifanye kazi nusu saa kabla ya kulala. Halafu mwezi wa nane ukiisha muite fundi aoshe zote mbili, ya ndani na ya nje, wakati bado hajabanwa na wateja wa mwezi wa kumi.