Jinsi ya kuandika riwaya ya mapenzi ya singo maza: anza na ratiba yake

Msomaji mmoja alinipigia simu baada ya kusoma sehemu ya tisa ya hadithi yangu ya kwanza ya singo maza. Hakusifu wala hakulaumu. Aliuliza tu: "Dada, huyu mtoto saa hizi yuko na nani?" Mhusika wangu alikuwa ufukweni Kigamboni saa tatu usiku, kashikwa mkono na mwanamume, na mimi nilikuwa nimemsahau mwanawe wa miaka minne tangu sehemu ya tano. Tangu siku ile kila riwaya ya aina hii naijenga kwa hatua hizi.

Hatua ya 1: Andika ratiba kabla ya mapenzi

Chukua daftari uandike siku moja ya mhusika wako, saa kwa saa. Tuseme ni Rehema, anaishi Mbagala, anauza vitenge kwenye duka la mtu Kariakoo. Saa kumi na moja alfajiri yuko macho, anachemsha maji ya kumwogesha mwanawe, Nuru. Saa kumi na mbili na nusu anamwacha mlangoni kwa jirani, anakimbilia daladala. Nuru akitoka shule mchana, nani anampokea? Jirani analipwa kiasi gani, na mwezi ambao hela haijapatikana anasemaje? Mtoto akiamka na homa, tajiri wa dukani anaelewa?

Ukimaliza, pigia mstari kila nafasi ambayo Rehema yuko peke yake. Utapata dakika chache za kusubiri gari, na usiku baada ya saa nne. Mapenzi yaingie humo humo. Mwanamume anayesema "toka tukale nje leo" bado hajajua anaongea na nani. Anayeuliza "Nuru kashalala nikupigie?" ameanza kujua.

Hatua ya 2: Hesabu miaka

Hapa waandishi wengi hupita mbio. Nakuomba ukae. Andika mwaka wa kuzaliwa mama na mwaka wa kuzaliwa mtoto, kisha uivishe miaka hiyo mambo yaliyokuwa yakitokea nchini.

Rehema alizaliwa 2001. Mwaka 2018 akiwa kidato cha tatu akapata mimba, akafukuzwa, na Nuru akazaliwa Novemba mwaka huo huo. Tangazo la kuwaruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi katika shule za serikali lilitoka Novemba 2021. Nuru alikuwa na miaka mitatu. Je, Rehema alirudi? Kama alirudi, nani alibaki na mtoto? Kama hakurudi, nini kilimshika: nauli, aibu, au mama yake aliyesema imetosha? Jibu utakalochagua litaamua hata namna anavyomtazama mwanamume anayemsifia.

Sasa songa hadi Novemba 2025: Nuru anatimiza miaka saba. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba ni heri mtoto aliye chini ya miaka saba akae na mama yake, isipokuwa mahakama ikionyeshwa sababu za kuamua vingine. Mtaani jambo hili hukatwa likawa fupi: akifika saba, baba anamchukua. Sheria haisemi hivyo. Kinachotazamwa ni ustawi wa mtoto. Lakini hofu ya Rehema haimsubiri wakili. Anza riwaya yako Juni mwaka huo na hofu hiyo itaisukuma yenyewe, bila ya kuleta mchawi wala ajali ya gari.

Kama mhusika wako ni mjane Mwislamu, hesabu pia eda: miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue kama ni mjamzito. Mwanamume mwenye heshima hamposi waziwazi katika muda huo.

Hatua ya 3: Lifiche jina lake

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake huwekwa kando. Shuleni ni Mama Nuru, kwa mangi mwenye duka la mtaani ni Mama Nuru, kwa mwenye nyumba vilevile. Msimulizi anaweza kulijua jina, ila wahusika wasilitamke hadi umeandaa mahali pake. Mimi nilimpa nafasi hiyo fundi cherehani wa duka la jirani, siku anaandika risiti:

"Niandike jina gani?"

"Mama Nuru."

"Hilo la Nuru. Lako?"

Rehema alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Mistari hiyo imeniletea ujumbe mwingi wa sauti kutoka kwa wasomaji kuliko busu lolote nililowahi kuandika.

Hatua ya 4: Mwanamume ampate mtoto polepole

Ukipenda boga, penda na ua lake. Methali hii isitoke kinywani mwa mwanamume wako. Iache itende kazi. Asije na baiskeli mpya siku ya kwanza. Mtoto aliyewahi kuletewa "anko" wawili au watatu anajua zawadi inakuja na nini na inaondoka na nini.

Tumia salamu. Mara ya kwanza Nuru anasukumwa na mama yake, anatoa shikamoo huku anatazama chini. Mara ya pili anajificha nyuma ya kanga. Siku atakayomwona fundi ng'ambo ya barabara akapaza sauti mwenyewe, "Shikamoo!", mpe tukio hilo ukurasa mzima, na Rehema alisikie akiwa kashika sufuria.

Baba mtoto naye asiwe shetani. Atume hela mwezi huu, asahau miwili. Wanaume wa namna hiyo wapo wengi, na ndio wanaomchosha mwanamke.

Hatua ya 5: Posa

Mshenga akileta barua, wazee watasema mahari ipungue kwa kuwa "ameshazaa". Usiliruke neno hilo. Kwa Waislamu mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, basi Rehema aitwe, aketi, aitaje kwa sauti yake. Mjomba akikohoa, aendelee.

Hatua ya 6: Kabla ya kuirusha

Kama unatoa kwa sehemu, kila sehemu iishie pale ambapo ratiba imegongwa: simu kutoka shuleni, mlango wa jirani umefungwa. Kisha mpe mama anayelea peke yake asome yote, umuulize ni wapi alijiuliza mtoto yuko na nani. Akitaja sehemu, iandike upya hiyo kwanza.