Kabla hujajaza sosholojia kwenye maombi ya chuo

Tanzania, sosholojia, yaani taaluma inayochunguza jamii, haifundishwi kidato cha tano na sita, kwa hiyo wengi wanaoichagua wanaijua kwa jina tu. Wametoka michepuo ya sanaa kama HGL au HKL, wanadhani wameagana na hesabu. Hawajaagana nazo. Utatunga dodoso, utachagua sampuli, utaingiza majibu kwenye kompyuta, kisha utetee kwamba tofauti uliyoiona haikutokea kwa bahati. Hata Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, mwaka 1897, alipotaka kuonyesha kwamba kujiua si siri ya mtu mmoja tu, alilinganisha viwango vya kujiua baina ya Waprotestanti na Wakatoliki.

Basi katika miezi ya kusubiri chuo, rudia asilimia, wastani na kusoma majedwali. Ripoti za sensa ya 2022 ni bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Nchi nzima wastani ulikuwa watu 4.3 kwa kaya. Tafuta mkoa wenu uko wapi, halafu jiulize kwa nini. Ukijikuta umekaa na swali hilo mpaka usiku, kozi hii inakufaa. Ukiona linachosha, afadhali ujue sasa kabla mkopo haujaanza kuhesabiwa.

Kusoma nako si mchezo. Marx na Weber, wanafikra wakubwa wa fani hii, utakutana nao kwa Kiingereza kilichotafsiriwa kutoka Kijerumani, sentensi moja robo ukurasa. Zoea kufupisha kila sura kwa maneno yako mwenyewe; kukariri nukuu za somo zinazouzwa steshenari hakukufikishi mbali kwenye insha.

Kingine ni kutofautisha sosholojia na ustawi wa jamii. Anayetaka kushika kesi za watoto na migogoro ya familia aangalie shahada ya ustawi wa jamii kwanza. Fungua matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira ya serikali, usome shahada zinazotajwa kwa kazi unayoiota. Jina la shahada linaweza kukuondoa kwenye orodha kabla hujaitwa kwenye usaili.

Laptopu ya kawaida inatosha, na R, programu ya kuchambua takwimu, haina malipo. Ukienda fildi kukusanya data, chukua mapema barua ya utambulisho chuoni, maana mtendaji wa mtaa ataiulizia kabla hujagonga mlango wa kwanza.